Majoho ya Dhahabu Wakati wa Kwaresima

Mwavuli ulikuwa umetundikwa kwenye reli ya daraja la kinu, umefungwa na kifungo chake kimekazwa, kana kwamba mwenyewe ameingia dukani mara moja na anarudi. Inspekta Leonard Cudworth aliutazama kwa muda bila kuugusa. Chini yake mto Wen ulikuwa ukipita kwa kishindo, rangi ya chai ya maziwa, umebeba mapande ya barafu, matawi, na banda zima la kuku. Theluji iliyoukalia mji tangu Krismasi ilikuwa imeanza kuyeyuka, na ilionekana maji yote ya kaunti yameamua kupita Wenbury siku moja.

Ukingoni askari na watu wa zimamoto walikuwa wakichokoa maji kwa miti mirefu. Nyuma yao walisimama kina mama waliojifunga skafu, na kwa nyuso zao mtu angejua kwamba hukumu imeshatolewa. Bi Muriel Askew, mtarizi wa Kanisa Kuu, mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwenye mwavuli ule, amekufa maji. Jana jioni alikwenda kwenye sala na hakurudi nyumbani. Jirani alimsikia paka wake akilia, akagonga, akaona giza ndani, akapiga simu polisi. Usiku ule hapakuwa na mtu aliyelala Wenbury. Huo ni mji mdogo wenye kanisa kubwa, na mambo ya kanisa ni mambo ya kila mtu.

Sajini Noel Pym alikuwa na jibu lake. Alilileta akiwa amevaa buti za mpira, anahema.

"Afande, tumchukue yule Keaveney kabla hajatoroka."

Donal Keaveney alikuwa kibarua kutoka Ireland, mmoja wa waashi waliokuwa wakitengeneza mnara wa Kanisa Kuu. Alikuja mwenyewe kituoni saa za usiku kusema kwamba alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, alimwona Bi Askew akiingia kwa mlango wa kusini kabla ya sala, na hakumwona akitoka, ingawa alibaki kule juu mpaka watu wote wakatawanyika. Badala ya kushukuriwa, aliulizwa kwa nini alikuwa anamtazama. Mjini pale Mwairishi akiona jambo, basi yeye ndiye aliyelitenda.

"Una nini juu yake?" Cudworth aliuliza.

"Ndiye wa mwisho kumwona."

"Ndiye wa mwisho kukubali kwamba alimwona. Nipe mwavuli huo."

Aliushika kwa leso, akafungua kifungo, akaukunjua taratibu. Nje kitambaa kilikuwa na ukungu wa asubuhi. Ndani ya mikunjo kilikuwa kikavu kabisa. Jana wakati wa sala ya jioni ilinyesha mvua ya barafu iliyowatoa hata mbwa mitaani, na haikukatika mpaka usiku wa manane. Alimwonyesha Pym kwa kidole. Pym alisema huenda mama wa watu alikuwa na mawazo. Mtu anayekwenda kujitupa mtoni hajali nywele zake.

"Bi Askew angejali," Cudworth akasema. "Keaveney anasema hakutoka kanisani. Mwavuli unasema hivyo hivyo. Mtu mwingine ameuleta hapa baada ya mvua kukatika, ili sisi sote tuje tutazame maji. Waache zimamoto. Wewe njoo na mimi."

Kama mwanamke yule hakutoka, basi wamepoteza usiku mzima kumtafuta mahali asipokuwapo, na kwa baridi ile mwili wa miaka sabini hauna akiba. Njiani alimwuliza Pym kama Kanisa Kuu lilipekuliwa vizuri. Pym aliumia kidogo. Alisema walipekua minara, nyuma ya kinanda, chumba cha mavazi, vyumba vya chini kabla maji hayajaingia. Kila chumba chenye mlango.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mkuu wa Kanisa Kuu, Aubrey Strickland, alikuwa ameamuru milango ifunguliwe na maombi yaendelee usiku kucha hadi Bi Askew apatikane. Watu walikuwa wakipokezana. Wenye maduka walikuja na aproni zao, walimu walikuja na wanafunzi, hata wazee wasioonekana hapo ila kwenye mazishi walikuwapo, wamepiga magoti juu ya vile vimto ambavyo Bi Askew na wenzake walivitarizi kwa mikono yao. Kwaya ilikuwa imeshika zaburi, ikimaliza inaanza tena.

Mkuu Strickland aliwapokea kando ya nguzo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono isiyotulia, aliyeletwa kutoka London miaka miwili nyuma na bado alikuwa akiuliza njia ya posta. Alikuwa na mashaka mawili na hakujua aanze na lipi. Kwanza Bi Askew. Pili ni joho. Cudworth alimwambia aanze na joho.

Kila mtu Wenbury alilijua Joho la Askofu Wulfric, lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu miaka mia saba iliyopita, malaika juu ya farasi, na simba miguuni pao. Baraza la Kanisa lilikuwa limekubali kuliuza kwa makumbusho moja ya Marekani ili mnara usianguke. Mji ulichukia. Watu walisimama katika mkutano wakasema heri mnara uanguke. Mabwana wa makumbusho walikuwa waje leo asubuhi kulichukua, lakini reli imefunikwa na maji na treni yao imekwama njia panda tangu jana. Mkuu alisema ni aibu tupu.

Cudworth aliuliza Bi Askew alikuwa upande gani.

"Mwanzoni alipinga kuliko wote. Juma lililopita akaja ofisini kwangu akasema amefikiri, amekubali. Alisema mnara ukianguka utaua watu, na joho halijamwokoa mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa anikabidhi."

"Na mwenzake? Bi Petherick?"

"Bi Petherick hasemi nami tangu siku ile. Lakini hao wawili ni kitu kimoja, Inspekta. Wanayatunza majoho pamoja tangu kabla ya vita."

Hapo mzee Stallard, mlinzi wa Kanisa Kuu, alikuja akiburuta miguu, suruali imelowa hadi magotini. Alitaka ruhusa ya kuhamisha mishumaa iliyobaki kule vyumba vya chini. Mkuu alimjibu kwa upole wa mtu aliyechoka kwamba maji huingia kule kila mwaka, hilo si jipya.

"Kila mwaka yanafika kwenye vifundo vya miguu, Mheshimiwa," Stallard akasema. "Leo yamefika kiunoni. Na yanapanda huku nikiyaangalia."

Cudworth aliyaweka maneno hayo akilini, pamoja na mengine, na akaomba kuonyeshwa chumba cha mavazi.

Kilikuwa nyuma ya madhabahu, chumba cha mawe chenye dirisha jembamba, mlango wazi kuelekea kanisani, na watu wakiingia na kutoka kuchukua mishumaa. Pembeni kabisa lilikuwa sanduku la majoho, la mti wa mwaloni, kubwa kuliko kitanda cha watu watatu, limechongwa kwa umbo la nusu mwezi ili joho lilale ndani bila kukunjwa. Katikati palikuwa na meza ndefu. Juu ya meza hiyo yalilazwa majoho yote ya dhahabu, moja juu ya jingine, kila moja limetandikiwa shuka jeupe chini na jingine juu, na karatasi laini imepachikwa penye nyuzi.

Pym alinong'ona kwamba walipopekua usiku yalikuwa hivyo hivyo. Alidhani ni usafi.

Cudworth alisimama pale. Utotoni aliimba katika kwaya ile, na kuna mambo ambayo mvulana wa kwaya hayasahau hata akizeeka. Wakati wa Kwaresima dhahabu hulala. Huvaliwa yale ya zambarau tu, mpaka alfajiri ya Pasaka, na sanduku lile halifunguliwi kwa ajili ya askofu wala mfalme. Mkuu mgeni asingeshangaa. Pym, ambaye hakuingia kanisani ila siku ya ndoa yake, asingeshangaa. Mwizi naye angeyatupa sakafuni. Aliyeyatoa majoho haya alikuwa na haraka ya ajabu, na katikati ya haraka hiyo akatafuta karatasi laini.

Bi Honor Petherick alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya meza na sanduku, anatarizi kimto. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mkata kuni, nywele nyeupe zimebanwa nyuma. Alikuwa hapo tangu milango ilipofunguliwa usiku. Mara moja tu, alfajiri, alitoka akarudi. Miaka arobaini iliyopita alimfundisha Cudworth amri kumi za Mungu kwa msaada wa rula.

"Leonard. Umekonda. Mkeo hakupikii?"

"Shikamoo, Bi Petherick. Ananipikia, mimi ndiye siendi kula."

"Mmeshafika kwenye bwawa la kinu? Mto unatupa kila kitu pale. Wapelekeni watu wote pale."

Mwenzake wa maisha amepotea, na yeye hakuuliza kama amepatikana. Aliuliza wanatafuta wapi. Cudworth alivuta kiti, akaketi karibu naye, akamwuliza mbona majoho yako nje.

"Napunga hewa. Nondo wameingia."

"Mwezi wa Machi? Kuta zinatoka jasho. Nyie mlikuwa mnasubiri Juni, madirisha wazi, na sisi watoto mnatufukuza tusikanyage. Mama yangu hakuanika hata soksi katika hali ya hewa kama hii."

"Mama yako alikuwa dobi, mwanangu, hakuwa mtarizi. Usinifundishe kazi yangu."

"Sifundishi. Joho la Wulfric ni lipi kati ya haya?"

Sindano iliingia, ikatoka. Alisema lile limehifadhiwa. Cudworth aliuliza wapi. Alisema mahali pake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini uzi ulikuwa umemponyoka nje ya mchoro, na mwanamke yule, ambaye aliwafumulisha wasichana wa mji mzima kazi yao kwa mshono mmoja mbaya, aliendelea tu kushona.

Cudworth aliinuka akamwambia Pym na Stallard kwamba unyevu ule utayaharibu majoho, basi wasaidiane kuyarudisha sandukuni. Pym alikunja mikono ya koti akalishika la juu.

"Usiguse."

Bi Petherick alikuwa amesimama. Watu wawili waliokuja kuchukua mishumaa waligeuka.

"Nielekeze basi," Cudworth akasema.

"Joho halikunjwi. Halishikwi na mtu asiyelijua. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, mnakwenda pamoja, mnashusha pamoja. Mmoja akichelewa kidogo, uzi unakatika, na uzi huo haupo tena duniani."

"Na kulitoa?"

"Kulitoa mmoja anaweza. Anatandika shuka, analivuta polepole."

"Kwa hiyo uliyatoa peke yako."

Bi Petherick alilinyoosha shuka pale Pym alipolishika.

"Ukayaacha nje kwenye ukungu huu, wewe, kwa sababu kuyarudisha ni kazi ya watu wawili. Mwenzako wa kushika ncha ya pili ni nani, Bi Petherick?"

Alikaa chini polepole. Kwaya ilikuwa imefika mwisho wa zaburi.

"Muriel," akasema.

Cudworth alikuwa ameshapiga magoti kando ya sanduku na tochi mkononi. Chini ya ubao wa mwaloni palikuwa na magurudumu madogo ya chuma, yenye kutu, na mbele yake, juu ya jiwe la sakafu, mistari miwili myeupe iliyokwaruzwa karibuni. Alimwuliza Stallard nani aliliwekea sanduku la kale magurudumu. Stallard alisema ni mambo ya wakati wa vita, kabla yeye hajaajiriwa. Alisikia tu kwamba hazina za kanisa zilifichwa Wajerumani walipokuwa wakipiga mabomu, ila wapi, hakuambiwa. Walioficha walikula kiapo. Wengi walikwisha kufa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zilizobaki zilikuwa mbili tu.

"Mnalisukuma likiwa tupu," Cudworth alisema bila kugeuka. "Likiwa na majoho halisogei. Ndiyo sababu uliyatoa. Chini ya sanduku kuna nini?"

"Mawe."

"Bi Petherick, vyumba vya chini vina maji mpaka kiunoni, na yanapanda. Shimo lenu liko juu ya hapo, au liko chini?"

Alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akamtazama Stallard, suruali yake, viatu vyake vilivyokuwa vikichuruzika sakafuni. Kimto kikamwanguka mapajani.

"Ni pakavu pale," akasema. "Vita vyote palikuwa pakavu. Niliweka blanketi. Niliweka chai."

"Hajafa, si ndiyo? Alikuwa anasema?"

"Alikuwa anabisha. Usiku wote, walipoacha kuimba, nilimsikia anabisha. Asubuhi akanyamaza." Aliligeukia sanduku. "Nilidhani amenikasirikia."

Cudworth hakukumbuka baadaye alisema nini. Alikumbuka kwamba aliyelifikia sanduku wa kwanza hakuwa yeye wala Pym. Bi Petherick alikuwa ameweka bega lake kwenye mwaloni na anasukuma, na magurudumu yanalia. Wanaume wote watatu wakaongeza nguvu zao. Bi Petherick aliyasema yote pale pale akisukuma, kwa vipande, bila kuulizwa. Alilificha joho shimoni kabla ya sala. Muriel akaja na mfuko wa kulikabidhi, akakuta sanduku limesogezwa na kifuniko cha sakafuni kiko wazi, akashuka kulichukua. Walijibizana. Yeye akamtupia blanketi na chupa ya chai, akafunga, akalirudisha sanduku juu.

"Mpaka wale watu waje, wakute halipo, waondoke. Asubuhi tu. Treni haikuja."

"Na mwavuli?"

"Nilitaka nyote mwende mtoni mniachie nafasi. Lakini Mkuu amefungua kanisa, mji mzima umejaa humu unaomba. Ningelisogezaje sanduku?"

"Ungesema."

"Ndiyo," akasema Bi Petherick. "Ningesema."

Sanduku lilisogea. Chini yake palikuwa na kifuniko cha mbao nene chenye pete ya chuma, na pembeni mwake unyevu ulikuwa unajitokeza kwenye mbao, kama jasho. Pym alivuta pete mpaka akaanguka chali. Mbao zilikuwa zimevimba na kujibana kwenye jiwe. Cudworth alibisha kwa kitako cha tochi, akalaza sikio. Alibisha tena. Aliwaza kwamba alisimama darajani akitazama mwavuli wakati mwanamke huyu bado ana nguvu za kubisha, na akajichukia.

Stallard alikuwa ametoka mbio, kama mbio zile zingeitwa mbio, na akarudi na mtu mmoja mwenye vumbi la chokaa kichwani na mtaimbo mkononi. Alikuwa Keaveney. Hakumsalimu mtu. Alimtazama Pym, Pym akasogea, naye akachomeka ncha ya mtaimbo kwenye ufa na kuuegemea kwa uzito wake wote. Mti ulipasuka. Alichomeka tena upande wa pili. Kifuniko kilinyanyuka kwa sauti ya kizibo, na harufu ya tope la mto ikajaa chumbani.

Maji yalikuwa meusi na yalikuwa karibu. Blanketi na chupa ya chai vilielea. Kwenye ngazi ya juu kabisa, mgongo umepinda na maji yamemfika kwapani, alisimama Bi Muriel Askew, na mikono yake miwili ilikuwa juu ya kichwa, imeshikilia mtumba mrefu wa kitani cheupe. Ilikuwa imekaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba haikushuka hata mwanga ulipomwangukia. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Lichukueni," akasema, na sauti ilikuwa ya karatasi. "Huku na huku. Lisikunjwe."

Hapo magoti yakamwishia. Alianza kuteleza kwenye ngazi, polepole, na mtumba ukainama pamoja naye. Bi Petherick alikuwa ameshalala kifudifudi ukingoni kabla mtu yeyote hajamwambia. Cudworth alikuwa ubavuni pake, mkono wake mwenyewe haukufika, na aliona vizuri. Joho lilikuja moja kwa moja kwenye viganja vya Bi Petherick. Aligusa kitani. Kisha akalisukuma kando kwa kiwiko kama mtu anayesukuma tawi njiani, na akamkamata Muriel kwa vifundo vya mikono.

Joho la Askofu Wulfric lilitua juu ya maji na kufunguka. Kwa mwanga wa tochi walimwona malaika mmoja juu ya farasi, dhahabu yake kama imetariziwa jana. Likaelea kidogo, likanywa maji, likazama. Stallard alijishika kichwa.

Walimvuta watu wanne. Alikuwa mwepesi na baridi, nguo zake zikimwaga maji sakafuni. Cudworth alivua koti lake, nalo lilikuwa limelowa hadi mabegani. Alipaza sauti waletewe mablanketi, lakini mlango ulikuwa umejaa watu waliosimama wakitazama, na hakuna aliyesogea.

Bi Petherick hakungoja mablanketi. Alikwenda mezani, akatupa shuka, akalikokota joho la Pasaka, lile zito kuliko yote, peke yake, kwa ncha moja. Lilianguka chini, likaburutwa kwenye mawe. Alilizungusha mwilini mwa Muriel mara moja na mara ya pili, akalikunja miguuni, akalikunja shingoni, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alisikia nyuzi za dhahabu zikikatika. Halafu akakaa sakafuni kwenye maji, akamweka kichwa mapajani, akaanza kumsugua vidole.

Bi Askew alifungua macho. Yalichukua muda kuona.

"Honor. Joho."

"Limekwenda."

"Nililishika tangu maji yalipoingia."

"Najua. Nyamaza. Unatetemeka."

Cudworth alimtuma Pym akaite gari la wagonjwa, na Keaveney akaambiwa asimame mlangoni awazuie watu, kazi aliyoifanya vizuri sana. Kule kanisani habari zilikuwa zimeshaenea. Zaburi ilikatika katikati, watu wakaanza kulia na kucheka. Alisikia sauti ya Mkuu Strickland ikimshukuru Mungu kwa kumrudisha mtumishi wake, na akajua kwamba bado hajaambiwa habari ya joho, na kwamba atakayemwambia ni yeye.

Kabla ya hapo palikuwa na kazi nyingine. Alichuchumaa mbele ya mwalimu wake, akalitaja jina lake kamili kama sheria inavyotaka, Honor Beatrice Petherick, akamwambia yuko chini ya ulinzi kwa kumfungia mtu na kuhatarisha maisha yake, na kwamba halazimiki kusema lolote. Alimwomba anyooshe mikono.

Bi Petherick alisema amesikia, na anakubali kila neno, lakini mikono hawezi kuitoa kwa sasa. Cudworth aliangalia chini. Vidole vya Bi Askew, vyeupe na vilivyokunjamana kwa maji, vilikuwa vimeishika yote miwili, na ingawa macho yake yalikuwa yamefumba tena, kila Bi Petherick alipojaribu kuivuta, vilikaza.